Garanti ya Mama Emérita

Jumanne, 2 Septemba 2025

Wameachana. Bei ya Chini na Lumaro. Nimesikia asubuhi kwenye redio, kati ya tangazo la sabuni na tangazo la misa ya marehemu — sauti ileile ya furaha kwa yote matatu. Duka la Bei ya Chini "linawajulisha wateja wapendwa" kwamba haliuzi tena simu, redio wala taa za Lumaro. Basi. Sababu hakuna. Redio iliyonipa habari ni Lumaro yenyewe. Imesoma kifo chake bila kukohoa.

Hapa Burungu mimi njo fundi wao, réparateur agréé. Miaka miwili iliyopita walinipa vitu vitatu: jile ya buluu ya kuvaa juu ya shati, yenye LUMARO mgongoni kwa herufi kubwa, kashe ya mviringo ya kugongea muhuri, na karatasi ya sheria. Sheria ya kwanza: usifungue. Chombo kikiwa bado na garanti, dhamana ya duka, usiguse hata parafujo moja. Kitie mfukoni, kipeleke dukani Kitchanga, duka litakipeleka depo ya Goma. Mtu aliyejifundisha mwenyewe kufungua vitu, redio moja iliyokufa baada ya nyingine, anapewa kashe ili asivifungue. Nilikubali. Kashe ni kashe.

Vitu vilivyoko depo sasa na havijarudi: kumi na moja. Kumi havitaniua. Cha kumi na moja ni simu ya Mama Emérita, mama mkwe wangu.

Jumatano, 3 Septemba

Mama mkwe amefika kabla ya uji. Hakuingia. Tangu nimuoe binti yake haingii ndani nikiwemo, na mimi simtazami usoni, njo heshima yetu. Tunaongea kupitia kwa Élisabeth, mke wangu, anayesimama mlangoni kama mkalimani wa watu wawili wa lugha moja.

"Élisabeth, uliza bwana yako simu yangu itafika lini."

"Mwambie Mama, iko njiani."

"Muulize kama itafika mbele ya tarehe makumi mbili na tano."

Élisabeth hakuuliza. Alinitazama tu.

Niandike vizuri hapa, nisije nikajidanganya baadaye. Mama ana shamba Kirolirwe, mteremkoni: maharagwe juu, mihogo chini. Tulipokimbia mapigano, senyenge ya ferme ya jirani, shamba lake la ng'ombe, ilishuka kilima. Watu wanakimbia, senyenge inatembea. Tuliporudi tuliikuta katikati ya mihogo. Hakorimana, gérant, msimamizi wa ferme, anasema imekuwa pale tangu zamani. Tarehe 25 kamati ya mashamba inakaa, na kamati inataka maandishi. Karatasi ya ununuzi ilikuwepo: kidole cha muuzaji (marehemu), sahihi za mashahidi wawili (marehemu, marehemu). Ililowa kambini chini ya shitingi ya turubai mpaka ikawa uji. Lakini kabla haijalowa, mimi niliipiga picha kwa simu ya Mama. Nikamwambia: sasa haiwezi kufa tena. Niliipenda sana hiyo sentensi.

Mwezi wa saba tundu la kuchaji likalegea. Simu haiwaki, picha imo ndani. Kazi ya nusu saa, ncha ya moto na risasi kidogo ya kuungia. Lakini juu ya parafujo kulikuwa na kile kibandiko cheupe cha garanti, na mimi nilikuwa nimevaa jile. Nikasema: tuipeleke, Mama, ni haki yako, watatengeneza vizuri kuliko mimi.

Mara moja tu maishani niliamini karatasi kuliko mikono yangu.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ndefu. Miguu inauma.

Jirani yangu Papa Sebarenzi, ambaye redio yake pia iko depo, amepatanisha ndoa saba. Hiyo ni hesabu yake. Nne kati yao ziliachana tena, hiyo ni hesabu yangu. Jana alisema ndoa haivunjikagi kwenye redio.

"Kwanza ng'ombe zinarudi. Halafu watoto wanabaki kwa baba. Hapa baba njo nani?"

Nikasema labda Lumaro, yeye ndiye aliyezitengeneza.

"Basi simu ziko za Lumaro. Mbona ziko zinalala kwa mama?"

"Hazilali kwa baba wala kwa mama, Papa. Ziko depo."

"Depo iko ya nani?"

Hakuna aliyejua. Kwa hiyo leo tumekwenda Kitchanga kupatanisha. Na bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi, lita kumi, kama inavyotakiwa unapoingia ukweni kwa shida. Nilicheka moyoni njia nzima. Lakini nilivaa jile, na nilibeba bidoni mwenyewe. Mtu asiye na tumaini habebi lita kumi.

Kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, wenye bunduki walinigeuza kama mtoto wa kupimwa nguo, wakasoma mgongo.

"Lumaro. Njo jina yako?"

"Leo, ndiyo."

Tukapita.

Dukani picha kubwa ya simu ya Lumaro imekatwa kwa kisu, kumebaki mkono ulioshika hewa. Tuyizere, karani, alitusikiliza hadi mwisho, Mungu ambariki.

"Papa, hii haiko mambo ya kasiksi."

"Umeionja?" Sebarenzi akamuuliza.

Akaonja. Vikombe viwili. Akafuta mdomo, akasema anachojua: vitu vyote vya garanti viko Goma, ndani ya chumba kimoja chenye kufuli mbili. Moja ya Bei ya Chini, moja ya Lumaro. Kila mmoja ana ufunguo wake. Hakuna anayekubali kufungua peke yake, mpaka wahesabu pamoja. Na hawakai pamoja.

"Wanaogopana," Tuyizere alisema.

Sebarenzi alipiga mapaja yake. "Munaona? Niliwaambia iko ndoa."

Alirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyeshinda. Bidoni tuliiacha pale, kwa ajili ya upande wa pili wakija.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepanda kilima kutafuta réseau, mtandao wa simu. Nimeipigia Lumaro. Dada mwenye sauti ya asali akauliza tulinunua wapi. Bei ya Chini. Basi tuwaone Bei ya Chini. Nikamwambia Bei ya Chini wanasema tuwaone ninyi. Akanishukuru kwa kuchagua Lumaro.

Nimeshuka.

Jumapili, 14 Septemba

Mhubiri kachagua Lazaro. Alipofika kwenye jiwe la kaburi kuondolewa, nilisikia mama mkwe akikohoa upande wa wanawake. Kikohozi kimoja, kikavu. Najua kilikuwa kinamlenga nani.

Nje Hakorimana alikuja kunisalimia kwa mikono miwili. Kofia kifuani. Hata akikuchukulia kitu anasali hivyohivyo.

"Kaka fundi, simu ya Mama ilipona?"

Nikamwambia inaendelea vizuri.

"Tunamuombea," akasema.

Jumanne, 16 Septemba

Ujumbe wa Tuyizere. Kuhesabu kumesogezwa. Mwezi wa kumi na moja. Halafu ujumbe wa pili: nimsalimie Papa wa kasiksi.

Élisabeth amepeleka habari kwa mama yake. Amerudi. Sikuuliza.

Ijumaa, 19 Septemba

Mwalimu Polycarpe ameleta simu. Lumaro, aina ileile, tundu lilelile limelegea. Garanti yake ilikwisha mwezi wa sita, kwa hiyo ninaruhusiwa kuwa fundi. Nimefungua, nimeunga, nimefunga. Dakika makumi mbili na sita. Nilipima kwa saa, sijui kwa nini nilipima. Simu ikawaka, ikaimba kale kawimbo kao ka kijinga.

Élisabeth alikuwa anamenya mihogo.

"Njo ugonjwa ule ule?"

"Njo ule ule."

Akaendelea kumenya. Angenitukana ningelala vizuri.

Jumatatu, 22 Septemba

Mama mkwe amekuja Élisabeth akiwa kisimani. Najua sasa kwamba alingoja atoke. Alisimama nje, mgongo umegeukia mlango, akaongea na uwanja. Lakini maneno yalikuwa yangu. Miaka kumi na nne, mara ya kwanza.

"Ile karatasi, weye njo muntu wa mwisho aliisoma. Mimi sijue kusoma. Iandike vile uliiona."

Nikaambia mgongo wake kwamba nikiandika mimi, si karatasi. Ni hadithi ya karatasi.

"Hakorimana iko na hadithi. Mimi siko hata na hadithi?"

Nimeandika. Kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa barua za harusi. Kutoka kijito mpaka jiwe jeusi, kutoka jiwe mpaka mikaratusi mitatu ya Byukusenge, muuzaji. Majina ya mashahidi. Sikudanganya neno. Labda mahali pamoja: hatua za upande wa juu, sikumbuki kama zilikuwa mia na nne ao mia na arobaini. Nimeandika mia na arobaini. Fundi pia ana mama mkwe.

Chini nikaweka: *Imeandikwa na aliyeiona.* Nikaiacha juu ya jiwe la mlango, nikarudi ndani. Aliiokota, akaigeuza, akaigeuza tena. Hajui kusoma lakini karatasi anazijua.

"Kashe iko wapi?"

Nina kashe moja tu duniani. Nilimwambia haifai, ya watu walioachana. Hakuondoka.

Nimepiga. Mviringo, buluu, imekolea vizuri: BEI YA CHINI NA LUMARO — PAMOJA DAIMA. Mama aliipulizia wino polepole, kama uji wa mtoto.

Alhamisi, 25 Septemba. Kirolirwe

Mvua tangu njiani. Koti langu amevaa Mama, limemfika magotini. Mimi nimebaki na jile, ndiyo nguo pekee nyingine isiyopitisha maji. Kamati inakaa ndani ya darasa la shule. Mashahidi wanangoja nje mpaka waitwe. Niko chini ya ukingo wa paa na wengine kama ishirini, naandikia gotini. Dirisha halina kioo. Naona kila kitu. Ningependa nisione.

Hakorimana amemaliza. Ana faili ya plastiki, ana ramani yenye rangi. Ramani ni nzuri kweli. Ndani yake mihogo ya Mama ni majani ya ng'ombe.

Sasa ni Mama. Ametoa karatasi kifuani, ameitoa kwa mikono miwili. Mwenyekiti ni Papa Nzabonimpa, mtu wa miwani, haharakishi. Anasoma. Amesoma vizuri mpaka chini, na kwa dakika moja — naandika ili nikumbuke kwamba ilikuwepo — uso wake ulikuwa wa mtu anayeamini. Halafu amefika kwenye kashe. Anaigeuza karatasi, afuate maandishi ya mviringo.

"Huyu Bei ya Chini iko muntu?"

Wamecheka. Hakorimana ameficha mdomo kwa kofia.

"Hapana, Papa. Iko duka."

"Na Lumaro?"

Mama ni mwanakwaya, hasemagi uongo, hata akiulizwa kama anaumwa husema ukweli. Amekunja pindo la koti, amelikunjua; katibu ameweka biki yake ya kuandikia chini.

"Huyo njo aliyeiona karatasi," amesema.

"Iko hapa?"

"Iko inje."

"Basi aitwe. Kama iko, aje aape. Kama haiko, tunafunga."

Katibu ametoka mlangoni. Ameangalia watu wote chini ya paa, mmoja mmoja, ameita: "Lumaro!"

Hakuna aliyesimama. Mtu aliyekaa nyuma yangu anasoma mgongo wangu, namsikia anaunganisha herufi. Kuapa kwa jina lisilo langu, mbele ya kamati. Ao kunyamaza, na mihogo iende.

Ameita mara ya pili. Wanaitaga mara tatu.

Mama amegeuka dirishani. Ananitazama usoni.