Mrija wa Babu

Biharamulo, Jumanne

Wamekibomoa. Kilabu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kilichokuwa katikati ya mji tangu babu yangu hajaoa sasa ni kifusi, na matao ya matofali niliyoyapima kwa ajili ya tasnifu yangu yamelala barabarani.

Wiki nzima nilimsihi mmiliki wa sasa, mwana wa Bibi Speratia aliyekiendesha kilabu miaka yote, abakize walau baraza. Leo amenicheka mbele ya mafundi. "Msomi, matao hayalipi kodi. Fremu za maduka zinalipa."

 

Kabla bati halijang'olewa, Bibi Speratia alichomoa kwenye boriti mirija ya wanywaji. Kwa desturi ya pale, mtu akifariki, mrija wake hubaki umechomekwa juu, wenzake wakaendelea kunywa chini yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Huu wa babu yako. Mtafutie pa kukaa."

Chumba nilichopanga hakina boriti. Kina dari ya jipsamu, nyeupe, laini. Nimeushika mrija tangu magharibi, na sijaona pa kuuchomeka.