Seti Tatu za Pikapu

Mutuini, Dagoretti
Jumapili, 14 Septemba

Ndugu yangu Mutinda,

Pokea salamu kutoka hapa kwangu, wewe na Nasimiyu na wote mnaoishi pamoja huko Uthiru. Natumai mko salama, na kwamba ule mgongo wako uliokuwa ukikusumbua kila tukibeba spika umepata nafuu, maana siku hizi huna spika za kubeba. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Njambi anakusalimu sana. Ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike, wapangaji wanalalamika kuhusu maji kama kawaida yao, na mvua imegoma kabisa. Afya yangu mimi nitaieleza nikifika mahali pake.

Najua unashangaa Mungai kuandika barua kama watu wa zamani, na kutoka hapa hadi kwako si safari. Kupiga simu siwezi. WhatsApp nilikufungia mwezi wa tatu kwa hasira, na sijui unafunguliwa wapi. Binti yetu Cate ndiye anayejua mambo hayo, lakini nikimwomba atauliza kwa nini nilikufungia, na hapo nitaanza kudanganya. Kuja mwenyewe nimejaribu mara mbili. Nilifika Kawangware nikarudi. Kwa hivyo vumilia mwandiko.

Nianze na ile harusi ya Uthiru. Ulikuwepo, lakini nataka ujue mimi niliionaje. Tulikuwa tunamwingiza bibi harusi. Nikapanda nyuzi za juu, pale ambapo gitaa la solo linatakiwa kung'aa mpaka akina mama waanze vigelegele, nikasikia kama napiga gitaa lililofunikwa blanketi. Kuinua macho, nikaona mkono wako uko kwenye mashine ya sauti, juu ya kitufe cha gitaa langu. Sikungoja maelezo. Nilinyakua maikrofoni ya mwimbaji wetu Ivyne na kusema mbele ya wageni wote kwamba kwa miaka kumi na tisa umenionea wivu kwa sababu watu hukumbuka solo, hakuna anayekumbuka besi. Nikakuambia ubebe gitaa lako la besi uende. Ukabeba. Hilo liliniudhi kuliko kama ungenitukana.

Sasa, ajabu ni kwamba ulipoondoka blanketi halikuondoka. Nilimwacha Nashon na kinanda chake asimamie ile mashine, nikamwamuru apandishe sauti yangu kali hadi mwisho, na bado gitaa likawa limezubaa. Nashon alikunja uso kama mtu aliyeuma pilipili, akasema iko sawa, mzee. Nikajua basi gitaa lenyewe limekufa ndani. Na kitu cha kwanza kufa kwa gitaa la umri ule ni pikapu, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi. Nikaamua kuzibadilisha. Ningejua, ningenunua ng'ombe wa pili.

Hujawahi kuona upuuzi kama wa kutafuta pikapu katika mji huu. Nilizunguka katikati ya jiji siku tatu. Duka la kwanza waliniuliza kama nataka za gari. La pili kijana wa kuuza alinisomea maneno kwenye simu yake kana kwamba mimi sijaenda shule. La tatu walikuwa nazo, za chuma kizito, za wapiga roki. Nikamwambia muuzaji mimi hupigia watu kwenye harusi na ruracio, sherehe za kupeleka mahari, nahitaji sauti nyembamba, kali, inayopenya. Akasema hizo hizo zitafanya kazi zote. Nikanunua, kwa ujinga wangu.

Fundi wangu ni Kulwant wa Hurlingham, yule mzee wa Kisikh ambaye ana karakana yake juu ya duka la dawa. Unamkumbuka, ndiye aliyekuunganishia waya wa besi yako ile Krismasi ya mafuriko. Alifunga seti ile ya kwanza huku akiguna. Nikapiga. Blanketi. Nikamwambia azing'oe. Seti ya pili niliagiza kutoka ng'ambo, nikaingoja wiki saba, nikaifuata mpaka kwa watu wa vifurushi ambao kila siku waliniambia nirudi kesho. Kulwant alipozijaribu alisema hajawahi kufunga pikapu kali kama hizo, na kwamba nikizipandisha zitakata watu. Mimi nikazisikia, nikasema afadhali, ila bado kidogo. Aliniangalia kwa muda mrefu. Nilidhani anafikiria bei.

Na seti hiyo ndiyo niliyokwenda nayo kwenye ruracio ya binti wa jirani yetu hapa Mutuini. Nilijipanga vizuri, nikapandisha kila kitu. Wimbo wa kwanza, nyanya wa msichana akahamisha kiti. Wa pili akahamisha tena. Nikadhani anakimbizana na kivuli cha hema. Wazee wakahamia upande wa jikoni, nikasema moyoni hawa wamenusa nyama. Ivyne alikuwa na pamba masikioni, na alipoona naangalia akasema anaumwa na sikio. Nilimwonea huruma, Mutinda. Nilimwambia aende hospitali.

Tulipomaliza baba mwenye nyumba alinishukuru kwa heshima, kisha akamwomba Nashon aweke nyimbo za simu mpaka jioni. Nilirudi nyumbani nikiwa nimewaka. Nilimwambia Njambi kwamba watu wa siku hizi hawajui muziki.

Nikarudi kwa Kulwant kumgombeza. Hakugomba. Alisema atanisukia seti ya tatu kwa mikono yake, waya mwembamba, mizunguko michache, ili nisiwe na la kusema. Alichukua wiki mbili. Alipozifunga nilipiga pale pale karakanani, na mke wake akafunga mlango wa chumba cha pili kwa nguvu. Nikasema bado. Hapo hapo stima ikapotea. Tukakaa tukinywa chai, mimi nikiendelea kumweleza makosa ya kazi yake, yeye akinitazama tu juu ya kikombe. Baadaye akaweka kikombe chini.

Akasema, "Mungai, hii kitu iko na makelele tangu stima ipotee. Wewe hausikii?"

Alikuwa anaonyesha kile kisanduku cheusi kinachoshikilia kompyuta stima ikipotea. Kilikuwa miguuni pangu. Niliona taa yake nyekundu ikiwaka na kuzima. Nikamwambia aache mchezo. Akanyoosha kidole, na kila taa ilipowaka akasema, "Sasa. Sasa. Sasa." Nikapiga magoti mtu mzima nikaweka sikio juu ya plastiki. Nilisikia joto lake. Sauti hakuna.

Unanijua. Nilisimama nikamwambia anaficha kazi mbovu nyuma ya masikio yangu, nikatoka nikaacha hata gitaa. Nilifika nyumbani nikamweleza Njambi nikitarajia acheke pamoja nami. Hakucheka. Aliketi, akasema kwa miaka miwili ananiambia kila kitu mara mbili, na mwaka huu aliacha kuniambia mengi kwa sababu alidhani namdharau. Alisema Cate naye hunipigia simu akiwa na huzuni, na mimi namjibu mambo ya ng'ombe. Mutinda, nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na sikujua kwamba amenyamaza. Hilo liliniuma kuliko yote.

Akanipeleka kwa daktari wa masikio, akinishika mkono kama mtoto. Walinifungia kwenye kichumba kidogo, wakanivisha vifaa vya masikioni na kunipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilibonyeza mara chache mwanzoni. Kisha nikakaa, nikangoja, mpaka nikachoka nikamuuliza muuguzi mbona wamesimama. Akaniambia hawajasimama, wanakaribia kumaliza sikio la kwanza. Daktari alichora mstari kwenye karatasi: unakwenda vizuri, halafu unaporomoka. Sauti nzito ninazo. Zile za juu zimekwenda na hazirudi. Aliuliza nimesimama karibu na spika miaka mingapi. Nikamwambia yote. Atanipatia vifaa vya kuvaa, vitasaidia kwa mazungumzo. Kuhusu muziki hakuniahidi kitu.

Sasa unaelewa kwa nini simu siwezi. Ungesema "nakusamehe" nami ningekujibu mambo ya ng'ombe.

Lakini hapo nilikuwa bado sijajua kilichonileta kwenye karatasi hii. Nilikwenda kumweleza Nashon, nikidhani atashtuka. Aliangalia chini akasema, "Mzee, sisi wote tulijua. Mutinda ndiye alisema tusikuambie. Kila shoo alikuwa anashukisha ile sauti kali pole pole ndio watu wasikuchoke." Akaniambia pia ulihamia upande wangu wa kulia ili nione mguu wako ukipiga mdundo. Nilikuwa nimekuuliza kwa nini umehama, ukaniambia jua linakuchoma.

Kwa hivyo siku ile mkono wako ulikuwa kwenye kitufe changu kweli. Sikukusingizia. Ulikuwa unanipunguza, kama ulivyonipunguza miaka miwili, na watu wakaendelea kusema Mungai anapiga vizuri.

Nina hasira na wewe, nikwambie ukweli. Ulinichukulia kama yai. Nashon anasema uliwaambia kwamba nikiambiwa nitaweka gitaa chini, na pengine ni kweli, lakini gitaa ni langu na masikio ni yangu. Ungeniambia mapema ningesimama mbali na spika, ningebakiwa na kitu. Hilo nitakulaumu tukionana. Nataka ulijue kabla hujasoma linalofuata, ili usidhani nakuomba msamaha kwa sababu nimelainika.

Linalofuata hulijui, na hata Njambi nimemwambia leo baada ya kanisa. Mwezi wa nne Nzuki, yule kiongozi wa bendi inayopiga hotelini kwenu Uthiru kila Jumamosi, alikuja kwangu. Mpiga besi wao alikuwa amehama, na aliniambia jina lako ndilo la kwanza walilofikiria. Alitaka tu kusikia kutoka kwangu kwa kuwa tumepiga pamoja muda mrefu. Nilimwambia kwamba besi unaijua, lakini una mkono mchafu, kwamba unaharibu sauti ya wenzako wakianza kusifiwa. Nilimwambia nikiwa nimetulia, nikinywa uji, si kwa hasira. Aliondoka, na ndiyo maana hakuna aliyekuita. Nasikia ulikaa ukingoja simu yao. Nasimiyu alimwambia Njambi sokoni kwamba ulikuwa unaing'arisha besi kila Ijumaa.

Jumatano nilikwenda kwa Nzuki. Nilimweleza kila kitu, hata kisanduku cha Kulwant. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniandikia kwenye karatasi ili nisikosee: nafasi ilishajazwa, na yule aliyeishika ana familia. Hana la kufanya. Ile kazi nilikunyang'anya, Mutinda, na siwezi kukurudishia. Nimetafuta namna ya kusema hivyo ikawa ndogo, nikashindwa. Nisamehe ukiweza.

Njambi ndiye anayekuletea barua hii, pamoja na gitaa langu, ambalo nilirudi kulichukua kwa Kulwant, na bahasha aliyonipa. Ndani ya bahasha mna zile seti mbili za kununua, na zile pikapu za kwanza kabisa, zilizokuja na gitaa, ambazo Kulwant alikuwa amezitunza. Seti yake mwenyewe bado imefungwa kwenye gitaa. Mimi sina tena haki ya kuchagua. Nikichagua, nitachagua zinazonifurahisha mimi na kuwakimbiza akina nyanya. Nenda Hurlingham, Kulwant atakufungia moja baada ya nyingine bila kukuchelewesha, nawe usikilize kwa masikio yako, ukiwa peke yako, bila mimi kusimama hapo nikisema bado. Zile utakazosema zibaki, ndizo zitakazobaki. Sitauliza zinaliaje.

Kama moyo umekataa, mrudishie Njambi gitaa hapo hapo mlangoni. Atalibeba na hatakuuliza kitu, nimemwagiza. Litakaa nyumbani. Ila ukichagua, basi usinishukishe tena kimya kimya. Nikiumiza watu nishike bega katikati ya wimbo, mbele ya yeyote, nami nitaacha kupiga.

Msalimie sana Nasimiyu, umwambie Njambi atamletea maziwa ya mwanzo ya ng'ombe akija tena. Wasalimie watoto mmoja mmoja. Mungu awalinde hapo Uthiru, na mgongo wako upone kabisa.

Njambi amesimama mlangoni na koti lake. Naona midomo yake inasogea, nadhani ananiambia niharakishe.

Ni mimi, ndugu yako,
Mungai