Wakili Alinikimbia, Bibi Yangu Akasimama

Barua kutoka Kabambare, iliyosomwa Kasongo siku ya Alhamisi barazani kwa Mama Aziza, ambaye watu humwandikia shida zao.

Mama yetu Aziza, mushauri wa wengi, salamu nyingi, na baada ya salamu naomba unisaidie maana kichwa changu kimejaa. Mimi ni Yakubu wa Kabambare, niko na shamba la mupunga karibu na mto, na jirani yangu Faradji anasema yeye ndiye aliyelifyeka, akanishitaki kwa kadhi, na mimi nikijua kama sina maneno ya barazani nikamutafuta wakili, Zuberi, mutu wa kilemba na ulimi mutamu, akanifundisha siku tatu niseme, "Musitu huu niliukata kwa mikono yangu," na mama, sitakuficha, mwaka ule mimi nilikuwa Nyangwe na musafara, nabeba pembe za ndovu, ni bibi yangu Mwanvua aliyebaki, lakini Zuberi akasema haizuru, mali ya muke na ya mume ni moja, basi nikanyamaza. Asubuhi ya kesi namungoja, namungoja, akaniletea habari eti ameshikwa na homa, kumbe alisikia Faradji ameleta wapagazi wawili waliosafiri na mimi mwaka uleule, akaogopa aibu. Kadhi akaniuliza muti wa kwanza kukatwa ulikuwa muti gani, na mimi nikageuka kumutafuta bibi yangu kwa macho.

Ndipo Mwanvua akasimama upande wa wanawake, akasema bila kutetemeka, "Bwana kadhi, nilianza na mukuyu, kwa shoka la baba yangu. Nikachoma mara mbili maana mvua ilinizimia moto. Kisiki kimoja kilinishinda, kiko katikati ya mupunga mpaka leo, twende nikuonyeshe." Mama, tumeoana miaka tisa na sikujua kama nimeoa mutu namna ile, nilitaka kucheka na kulia pamoja. Kadhi akasema atakuja Jumanne kuona shamba. Sasa ndugu zangu wananicheka, eti mume anayesemewa na muke si mume, nimukataze asitie mguu Jumanne, nitafute wakili mwingine, na tukikosa shamba lile nitarudi kubeba pembe na goti langu hili bovu, na watoto watakula nini? Nifanye nini, mama?

Yakubu, Kabambare

Yakubu mwanangu,

Pole kwa goti, na pole kwa wakili, lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Zuberi alikukimbia, ndiyo, na mwenye haya hafanyi vile. Lakini aliyekaa siku tatu kujifunza uongo ni nani? Shukuru ile homa yake. Angekuja, ungeapa, wale wapagazi wangesimama, na shamba lingekwenda siku ileile.

Hao ndugu zako waulize walikuwa wapi wakati mvua inamzimia Mwanvua moto. Barua yako niliisoma hapa, na wanawake wa Kasongo wakaniomba nirudie pale kwenye kisiki mara tatu. Mimi nimefundisha watu kusoma tangu ujana wangu, na sijapata mwanafunzi wa kusema mbele ya kadhi namna ile. Nampenda huyo mke wako na sijamwona.

Sasa sikia. Sheria inasema aliyeifufua ardhi iliyokufa, ardhi ni yake. Nani aliifufua? Wewe ulikuwa Nyangwe. Na Zuberi alikudanganya, mali ya mke ni ya mke. Wapagazi wa Faradji wanajua kwamba wewe hukuwepo, basi wewe anaweza kukushinda. Mwanvua hawezi kumshinda, maana juu yake hawana neno.

Kwa hiyo acha kutafuta wakili. Kabla ya Jumanne nenda kwa kadhi, umwambie waziwazi kwamba mwenye shamba ni Mwanvua, na wewe ni shahidi tu kwamba uliporudi safarini ulikuta mpunga umeota. Siku yenyewe yeye atangulie njiani, wewe fuata nyuma. Ndugu zako wakicheka, waache wacheke, watoto hawashibi kwa heshima ya baba wakubwa na baba wadogo.

Na kadhi akimpa shamba lake, usiingie na jembe mpaka umemwomba ruhusa.

Aziza, Kasongo