Iko sawa kwa nani?

Bonifasi, ndugu yangu,

Amahoro, amani iwe nawe huko uliko. Hapa Kizuka mvua imenyesha, kaburi lako limeota majani, nami nimechoka. Ni uchovu wa aibu zaidi kuliko wa uzee.

Wanao walirudi Bujumbura mara tu baada ya matanga. Kabla ya kuondoka waliuza kinu chako cha kukamulia mawese kwa yule tajiri anayenunua mafuta yetu. Siwalaumu, wana maisha yao. Lakini sasa vinu vyote vya hapa ni vyake, na Jumamosi alituita mkutanoni. Alisema anayekamua kwake asipeleke tena mafuta soko la Rumonge. Amuuzie yeye tu, kwa bei atakayotaja yeye. Akauliza, "Munasemaje?" Tukajibu pamoja kama watoto wa darasa la kwanza: "Iko sawa, patron."

Na mimi nilijibu, Bonifasi. Mimi niliyeandika ubaoni miaka yote ile kwamba kila mtu ana haki ya kusema. Unakumbuka ulivyonicheka? "Mwalimu, haki yako ni nzuri, lakini chikichi zako unakamulia wapi?" Nilidhani ni utani. Leo naweza kulieleza somo hilo. Hakuna aliyetuziba mdomo, wala askari hakuja. Kila mmoja aliwaza tu chikichi zake zikiozea uani akifukuzwa kinuni, basi. Wewe ulikuwa ukisimama na kuuliza, "Iko sawa kwa nani?" kwa sababu kinu kilikuwa chako. Nasi tuliokamulia kwako tulithubutu kusema, maana hukumfukuza mtu kwa maneno yake. Hata mimi, niliyekusengenya kanisani.

Mkeo alinisubiri njiani. "Eh, Mwalimu, hata weye, iko sawa?" Kesho yake akanitolea kinu cha mti cha mama yake, na mchi wake. Nacho ni kinu, alisema.

Basi nachemsha, natwanga, napumzika, natwanga tena. Mafuta ni machache, yana makapi, na mabega yananiuma. Lakini nitayapeleka Rumonge mwenyewe.

Jumamosi hii tunakutana tena. Nakuahidi nitasimama. Sauti itatetemeka, najua.

Pumzika, ndugu yangu. Swali lako ni fupi. Hata mzee aliyechoka anaweza kulifikisha mwisho.

Mwalimu wako uliyemcheka