Kibarua Uliyemtuma Kalamba

Kwa Mwaitu,
Kalamba, Makueni.
19 Oktoba 2025

Mpendwa ndugu yangu Nyamai,

Natumai baridi ya Ujerumani haijaanza kuwauma, na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Nthenya mkeo hajambo? Na watoto? Sisi tuko hai. Mvua imetutisha mara mbili, kisha ikaenda zake Kitui.

Nimekusalimia kama tulivyofunzwa. Sasa nikwambie ukweli, nimekukasirikia sana.

Barua hii atakubebea Kavindu binti yangu akija huko kazini. Nimeifunga kwa gundi asiisome njiani, kwa sababu yeye hana kosa. Kosa ni lako.

Zile sauti zako kwenye grupu la familia nimezisikiliza zote. Amerika wanafuta watu asubuhi na kuajiri wengine jioni, ndiyo maana wako mbele. Japani walifunga mlango, sasa wamebaki na wazee. Uchina walitoa vijana vijijini wakawajaza viwandani, leo wanauzia dunia nzima. Ujerumani wana mashine lakini hawana mikono. Ukamalizia eti nchi ambayo watu wake hawahami haiwezi kushindana na yeyote, na sisi tumekaa tu kukumbatia ndengu.

Siwezi kukubishia yote. Ndengu za mwaka huu broka alizichukua kwa bei ya matusi, na jembe nililonunua Sultan Hamud limetoka huko huko Uchina. Najua shamba halitamlea Kavindu. Lakini wale wazee wa vijijini Uchina walibaki na nani? Hapo hukugusa.

Tangu amalize shule aje kukaa hapa kwa nyanya yake, Kavindu ndiye aliyekuwa mkono wa Mwaitu kwenye mwethya. Au umesahau mwethya ni nini? Wiki moja wanawake wa kijiji wanachimba matuta kwa Kasyoki, inayofuata kwa Mutindi, na nyumba isiyotoa mkono hairudishiwi mkono. Matuta ya Mwaitu yamebomoka. Mvua ikiyakuta hivyo, udongo wote utaishia mtoni.

Wewe ukaliona jambo dogo. Kavindu alipoenda Machakos kumalizia masomo ya Kijerumani kabla ya safari, ukatuma pesa kwa simu, ukaandika vijana wawili wa kibarua waende kwa Kasyoki kushika nafasi ya mama yako. Nyamai, kwani ulilelewa wapi? Wanawake waliweka majembe chini wakawatazama. Kasyoki aliwapa chai, kisha akawaonyesha barabara. Mwethya haununuliwi, na hilo hata mtoto wa hapa analijua. Unazijua Japani na Amerika, lakini boma lililokulea huku hulijui. Aibu hiyo ilimwangukia Mwaitu, si wewe. Watu wakaanza kusema nyumba yetu imejitoa.

Wiki iliyofuata, zamu ilipofika kwa Mutindi, Mwaitu alichukua jembe la Kavindu akaenda mwenyewe. Na magoti yale unayoyajua. Mimi nilifika kutoka Kanyangi siku mbili baadaye, kwa hiyo haya nimeambiwa na Kasyoki. Walimkimbilia wamketishe kivulini. Akakataa, akawaambia:

"Si Nyamai alisema analeta kibarua? Basi ni mimi. Nionyesheni pahali pangu."

Hakuna aliyecheka. Walimpimia sehemu fupi, akaichimba mpaka mwisho.

Nilimkuta na malengelenge viganjani. Nikamwambia zamu ijayo nitaenda mimi. Akanijibu kwamba mkono wangu unahesabiwa Kanyangi nilikoolewa.

Kavindu simzuii. Mpokee vizuri, umnunulie sweta nzito. Huko atalipwa kuogesha mama za watu, na ataifanya kazi hiyo vizuri, kwa sababu amejifunzia kwa mama yako. Haya ya jembe usimwambie. Akijua, atarudi.

Na mimi usinitumie tena sauti za kulinganisha nchi. Sitazifungua.

Nisalimie Nthenya na watoto, uwaambie nyanya yao anawaombea kila jioni. Mungu awalinde nyote, na wewe akufungue macho.

Ni mimi dada yako akupendaye, ingawa leo imekuwa kazi ngumu,

Wayua

Nilikuwa nasahau. Zamu ya wiki hii ni kwa Musembi, kule mteremkoni. Mwaitu ameniambia nimnolee jembe, nami nimelinoa.