Mama, Nimemwona Mwanamke Aliyefunika Uso

Mama yangu,

Nakuandikia kabla sijavua buti, maana nikivua nitalala. Leo una siku thelathini na saba chini ya udongo wa Muheza, na nina jambo la kukuambia.

Unajua niliishia darasa la saba. Huku Sydney nakula kwa nguvu za mgongo. Wiki hii tumepelekwa kwenye jumba la sanaa, kubeba makasha na kupaka kuta rangi. Leo wenye glavu nyeupe wametundika mchoro mdogo wa mkaa, wa Ulaya ya zamani, kabla hata babu yangu hajazaliwa. Mwanamke ameketi chini kando ya kaburi. Amejifunika shuka kichwani, ameinama, uso hauonekani kabisa. Mikono tu ndiyo iko nje, imeshikana.

Otieno, Mkenya ninayebeba naye, akanisomea kikaratasi cha pembeni.

"Inasema ni majonzi, buda. Wachoraji wa enzi hiyo walipenda sana mambo ya matanga. Lakini huyu alikuwa mvivu, hata sura hakumaliza."

"Amemaliza," nikasema.

"Umejuaje?"

"Namjua huyo mama."

Akacheka. Mimi nilikuwa nakuona wewe, siku ya msiba wa mama mkubwa, dada yako wa tumbo moja. Wenzako walikuwa kwenye mikeka wanalia, wewe uko nyuma ya nyumba na sufuria za watu mia, umewapa mgongo. Jirani akasema, nawe unasikia, "Dada mtu huyo! Macho makavu kama samaki wa ng'onda."

Nikakuuliza, "Mama, mbona hulii?"

Ukageuza wali bila kunitazama. "Anayepika msibani, moshi unamsitiri. Lete kuni."

Niliona wali umeshaiva, nawe bado unaugeuza. Nikaenda kuleta kuni.

Siku uliyozikwa wewe nilikuwa kazini, ghalani huku Lidcombe, nimeomba dakika ishirini nikutazame kwenye simu. Baba mdogo akapaza sauti mbele ya watu, "Geuza hiyo simu, wakuone!" Nikaielekeza kwenye maboksi. Tangu hapo inasemwa kwamba mwanao wa Ulaya ana moyo wa jiwe. Hata kuwaambia kwamba Australia si Ulaya nilishindwa.

Sasa mdogo wangu Zuhura ananiomba nijirekodi nikilia, waionyeshe kwenye arobaini yako, aibu iishe. "Kaka, japo dakika moja." Nilijaribu, mama. Jumapili niliegemeza simu kwenye mashine ya kufulia, hapa nyumbani Toongabbie, nikakunja uso. Nilipoitazama nilifanana na mtu aliyelamba ndimu. Nikaifuta, na nikaogopa kwamba labda wanasema kweli, kwamba sikukulilia.

Leo hofu hiyo imekwisha. Yule mchoraji alikuwa na mkono wa kuchora chozi lolote alilotaka, akaona bora amsitiri mwanamke wake. Watu walipita pale na ngazi zao mchana kutwa. Hakuna aliyemwambia ageuke.

Nimempigia Zuhura nikiwa kwenye treni.

"Video nitatuma, lakini uso hamtauona."

"Sasa tutaona nini, kaka?"

"Mgongo. Na mikono."

Akasema, "Kama mama jikoni." Sikuwa nimemwambia habari ya mchoro.

Jumamosi nitawapikia pilau ya arobaini yako watu ninaofanya nao kazi. Nitapika uani, kwa kuni, kwa sababu ndani ukiunguza kitunguu kimoja tu king'ora cha darini kinaita mtaa mzima. Huku moshi hausitiri mtu, unamchongea. Otieno atashika simu nyuma yangu. Nimemwambia asizunguke mbele, hata akiona nimeacha kukoroga.

Pumzika, mama. Kuni nimeleta.

Mwanao wa kwanza