Kipara cha Baba wa Bibi Harusi

Weee, uko wapi? Nimeaibika leo hapa studio hadi nimetamani ardhi inimeze.

Unamkumbuka yule bibi harusi aliyetaka marehemu baba yake awekwe kwenye picha ya harusi? Nikatumia ile programu inayomkata mtu yenyewe kutoka kwenye picha yake ya zamani, unabofya mara moja tu. Ndiyo, ile uliyonikataza. Nyamaza kwanza.

Wamekuja, yeye na mama yake. Mama akavaa miwani, akaitazama picha, akaitazama tena. Akauliza, "Huyu kipara aliyesimama na mwanangu ni nani?"

KIPARA!

Kumbe mzee alikuwa na afro kubwa, na alipigwa picha mbele ya kichaka. Programu ikadhani nywele ni majani, ikafyeka zote! Nami kwa haraka zangu sikukagua.

Bibi harusi machozi yakaanza kumlenga. Nikasema, "Mama, nipe nafasi kidogo tu." Nikafungua programu yetu ya zamani, nikaingiza upya picha halisi ya mzee. Ile haifuti kitu, inaficha tu, na kilichofichwa unaweza kukirudisha. Nikakuza picha, nikaanza kuzifichua nywele kwa brashi ndogo, taratibu. Mama akavuta kiti, akakaa bega kwa bega nami.

"Ongeza hapo juu ya sikio. Zilikuwa nyingi, nilikuwa nazichana mimi."

Jamani, nusura nilie.

Nilipomaliza akaitazama picha. Kisha akamgeukia binti yake: "Haya, futa machozi. Baba yako ameshafika."